Salamu za Meri kutoka Australia

Alhamisi, 13 Novemba

Imechaguliwa! Bado siamini. Barua yangu ndiyo itakayosomwa mbele ya wazazi Jumatano, na nitaisoma mimi mwenyewe.

Tuliambiwa tujifanye wafungwa au wahamiaji wa zamani waliopelekwa Australia, tuwaandikie watu wa nyumbani barua ya kwanza. Mimi nilikuwa Meri, msichana wa London aliyehukumiwa kwa kuiba kitambaa. Niliandika jinsi Mama alivyonifundisha kumwandikia Nyanya kule Nakuru: salamu kwanza, mtu mmoja mmoja. Nilipogeuza ukurasa, Meri alikuwa bado anasalimia.

"Hiyo ni barua au orodha ya waalikwa wa harusi?" Devika aliniuliza nilipoisoma darasani, na darasa zima likacheka. Nilitamani kujificha chini ya meza. Mwalimu alitaka habari za meli na kazi ngumu, na zangu zilikuwa mistari minne tu.

Lakini Mwalimu hakucheka. Alisema, "Sasa najua Meri aliwaacha akina nani."

Nilichohofia ni zamu ya Mama kazini Jumatano. Jioni aliporudi kutoka kwa wazee anaowatunza, nilimpa barua, akaisoma kabla hata ya kuvua koti.

"Jumatano nitabadilishana zamu," akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini wewe, umesalimia mpaka paka wa jirani! Nyanya yake Meri je, amekufa?"

"Hapana, Mama."

"Basi msalimie."

Nimemwongeza sasa hivi, mstari wa juu kabisa.