Maharage ya Mama Yamekosa Jua

...basi yakatoka meupe, Mariamu mdogo wangu, meupe na marefu kama minyoo, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Umeniuliza, mbegu ya mama ipo? Ngoja kwanza nikusalimie. Hamjambo huko Rumonge? Kifua cha shemeji kimepoa? Mimi nipo, magoti tu ndiyo yananigombeza. Anayeniandikia ni Mwalimu Esperansi, mkimbizi mwenzetu, tunalala turubai moja. Anacheka hapa. Andika, Mwalimu, usicheke.

Unakumbuka mama alivyotukataza: maharage yake yasionwe na mgeni mpaka yatoe maua, jicho la watu litayaunguza. Kwetu ilikuwa rahisi, shamba liko nyuma ya migomba, nani atapita? Hapa Kibirizi tulikokimbilia tumebanana kama dagaa mchangani. Ukikohoa, mtu wa turubai la tatu anakupa pole. Basi nikayapanda kwenye makopo, nikayaficha ndani, nyuma ya magunia, nikatundika na kitenge mbele. Yote, Mariamu. Sikubakiza punje.

Nikaona yanapauka, nikasema yana njaa haya. Nikayapa majivu. Nikayapa maji ya ugali. Yoo, nikayapa na uji wangu mwenyewe! Yanazidi kurefuka tu, yanalala upande wa tundu la turubai.

Mwalimu akaniambia, "Bibi, hayo hayali uji. Yanakula mwanga."

Nikamwambia, "Basi na wewe kale mwanga, mimi ninywe uji wako."

Tukacheka. Lakini akanieleza. Eti jani ndilo jiko, jua ndilo moto. Maji yanatoka chini mizizini, hewa inaingia kwenye jani, jua linavipika vinakuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayolikuza shina. Punje inakuja na akiba kidogo tumboni. Ikiisha, lazima ijipikie. Gizani itapikia nini? Hata ule ukijani wake haupati. Halafu akanionyesha utelezi wa kijani kwenye pipa la maji, akasema humo mna vijidudu jicho halivioni, navyo vinajipikia kwa jua vilevile. Kumbe! Utelezi ninaousugua kila asubuhi, hauna baba wala mama, unashiba. Mbegu ya mama yetu inakufa njaa mkononi mwangu.

Nikayabeba yote nje, saa ile ile, jua la utosi. Mwalimu anapiga kelele, "Kidogokidogo, Bibi! Yaanze na jua la asubuhi!" Nani alikuwa na subira? Jioni majani yamekuwa karatasi. Limebaki shina moja tu. Juzi likaanza kuwa kijani pembeni mwa jani, nikakaa nalo kama mtu anayekaa na mgonjwa. Watu wanapita, wanalitazama, sikulificha tena.

Sasa wanatuhamisha, tunapelekwa kambini huko bara. Furushi moja kwa kila mtu. Nikamwendea msimamizi wa malori, nikamwambia, "Baba, ni kopo tu, nitalipakata." Akasema, "Bibi, tunabeba watu, hatubebi bustani." Watu wakacheka. Nikamwendea mama mmoja wa Ujiji anayeuza dagaa, nikamwomba alichukue. Akasema, "Shikamoo bibi. Mimi kutwa niko sokoni, mbuzi watalila kabla sijarudi." Hakunidanganya. Nikarudi na kopo langu.

Kama kwako imebaki hata punje moja, Mariamu... lakini najua, nyumba iliungua na kila kitu. Nauliza tu. Sijui nifanye nini kingine.

Msalimie shemeji, mwambie asivue na kifua kile. Msalimie wifi, mke wa kaka, anayelala peke yake, na yule mkunga aliyenizalisha watoto wote wanne, mwambie magoti yangu yamekataa dawa yake. Na shangazi, kama bado anasikia, mpigie kelele sikio la...

Nani huyo anaita majina ya lori? Mwalimu, si jina langu hilo? Ehe, nimesikia, nakuja! Wewe hujaitwa bado, sivyo? Basi kopo liache hapohapo juani. Usiliingize ndani. Andika ni mimi dada yake, Zaituni. Nakwenda.