Bawa la Kushoto

Hopkins, Marekani, Novemba 2006

Maganga mtani wangu,

Hali yako siulizi, maana najua hutanijibu, na ukinijibu nitahama mji. Nianze na yangu. Mimi mzima, ila goti linauma kila theluji ikikaribia. Nafasi yako ya kuegesha gari imeshachukuliwa na yule jirani yenu wa chini mwenye mbwa wa miguu mifupi. Nilimwambia nafasi ile ina mwenyewe. Akaniuliza yuko wapi, nikamwambia Tabora. Akasema akirudi tu, atampisha.

Nimekaa miezi minne bila kukuandikia kwa sababu nina kosa, na kosa lenyewe linahusu ile ndege yako ya plastiki ya mwisho. Nitakueleza. Lakini niache nizunguke kwanza. Mimi Mzaramo, siwezi kuingia kwenye jambo zito kabla sijaipasha ngoma moto.

Mkeo Nyamizi hajagusa kitu sebuleni. Unakumbuka alivyokuwa akisema siku utakayokufa atazishusha ndege zako zote ulizoziunda kwa gundi ili na yeye aione dari yake? Sasa amenunua brashi laini, ile ya kupakia poda, na kila Ijumaa anapanda kiti anazipangusa vumbi moja moja huku anakutukana. Zote ziko pale pale ulipozitundika kwa uzi wa kuvulia samaki, kutoka dirishani mpaka mlango wa jikoni, kwa mpangilio wa miaka zilipoundwa zile za kweli.

Mnyamwezi wa Tabora, bahari umeiona ukubwani, halafu ukaacha ndege zote za dunia ukapenda za kiwanda kimoja tu, kile kilicholitengenezea jeshi la majini ndege za kutua juu ya meli. Nilikuuliza sababu mwaka ule tulipofika hapa kusoma, chumba kimoja, koti moja la maana tunalivaa kwa zamu. Ukaniambia ulipokuwa darasa la nne uliona picha kwenye gazeti la padre. Ndege zimekunja mabawa, zimebanana juu ya sitaha, na hakuna inayogombana na mwenzake. Ukasema kitu chenye akili ya kukunja mabawa kikifika nyumbani kinastahili heshima. Mimi nikakwambia hayo ni mawazo ya mpagazi, babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, kwa hiyo chochote kinachobanana na mizigo unakiona ndugu. Hukukasirika. Mtani hakasiriki, na sheria hiyo tumeitumia miaka ishirini na nne bila kuionea huruma.

Kila mgeni wako alipitia darasani kwanza. Chakula kinapoa, wewe unaanzia dirishani, kwa kile kindege kinene cha mabawa ya ghorofa, ambacho rubani wake alizungusha mpini kwa mkono ili magurudumu yaingie tumboni. Uliwashika watu mikono ukawazungushia hewani, mpaka shemeji yako wa Fridley akasema bega halijarudi mahali pake. Zikafuata zile za vita kuu ya pili, madude manene matupu yenye pangaboi puani, kila moja na jina la paka. Halafu zikaja za jeti, nazo majina ya paka, mpaka Nyamizi akauliza hicho kiwanda kilikuwa kinasumbuliwa na panya kiasi gani.

Uliyoipenda kuliko zote ni ile iliyokuwa na mbio mpaka siku moja ya majaribio ikafyatua risasi, ikateremka, ikazikuta risasi zake mwenyewe huko mbele, ikajipiga. Ulikuwa huwezi kuisimulia bila kushika ukuta kwa kicheko. Nikakwambia kama haikuundwa na Mnyamwezi, basi Mnyamwezi ndiye aliyekuwa anairusha. Halafu ile yenye sahani ya rada mgongoni, iliyokatika uzi siku ya Krismasi ikatua kwenye bakuli la mchuzi wa kuku. Mgeni amelowa shati zima, wewe umekimbilia kuiosha ndege. Na kile chombo cha miguu minne walichokiunda kwa ajili ya kutua mwezini, ulichokitundika chooni kwa sababu hakina mabawa, lakini kukiacha nje ya ukoo uliona ni dhambi.

Na marubani wako wote uliwapaka uso wa kahawia. Nilikuuliza kwa nini, jeshi la zama zile lisingeajiri rubani mweusi. Ukasema, "Siwezi kulala nyumba moja na watu ishirini nisiowajua." Nikacheka. Baadaye nikiwa kwenye gari narudi kwangu nikaona si jambo la kuchekesha sana.

Haya, ngoma imepata moto.

Ulibakiza moja. Ile kubwa ya mwisho, yenye mabawa yanayojikunjua ikienda taratibu na kurudi nyuma ikikimbia. Jeshi lilitangaza mwaka huu linaistaafisha, na wewe ukaapa utaimaliza kabla hawajaiegesha. Mzee wa miaka hamsini na mbili unashindana na jeshi la Marekani kwa gundi na kibanio cha nyusi cha mkeo. Ulishafika mbali. Bawa la kulia liko mahali pake, rubani kaketi, wa kahawia, limebaki bawa la kushoto. Ndipo moyo ukakuangusha. Pale hospitali, midomo imekukauka, ukanishika kidole ukaniambia, "Malizia wewe. Gundi kidogo, Pazi. Wewe gundi unaitia kama asali." Nikakuahidi. Na ukataka Kabula, binti yako, azipeleke zote kwenye lile kabati la kioo la maktaba, walilokuahidi kwa majira ya baridi, zikae kwa mpangilio wake bila pengo. Hayo ndiyo maneno uliyoniachia, na mimi ndiye niliyeyavuruga.

Ilikuwa siku ya kukuaga, kabla mwili haujapelekwa uwanja wa ndege. Unajua wajibu wa mtani msibani, kuvuruga mpaka alipwe. Ningekaa kimya nimekunja mikono, watu wa Tabora wangesema Maganga alikufa hana watani. Kwa hiyo nikachukua kitu ulichokipenda, ndiyo hiyo ndege, nikaingia nayo nimevaa kofia yako ya manyoya, natembea kwa ule mwendo wako wa kusukuma tumbo. Nikasimama mbele ya jeneza nikatangaza kwamba maiti haitoki humu. Mvivu huyu kaacha kazi haijaisha, anatoroka. Nikaiweka ndege kifuani kwako iwe rehani mpaka ukoo wako unipe kuku.

Watu wetu walicheka wakalia kwa pamoja, inavyotakiwa. Lakini mhudumu wa ile nyumba ya mazishi, kijana mpole mwenye tai nyeusi, alishika simu aite polisi. Kabula akamkimbilia akamwambia, "It's okay, sir. He's my dad's joking friend. He's supposed to be rude." Kijana akaniangalia, akairudisha simu mfukoni, akaniuliza kwa adabu zote kama nitahitaji maikrofoni.

Nyamizi hakuwa na kuku wa kienyeji wala wa kisasa. Akamtuma mtu barabarani, akarudi na ndoo ya kuku wa kukaanga. Nikasema fidia imekubalika. Sheria ni mtani ale, nami nikatoka nje kwenye maegesho, nikala paja, nikala na la pili, maana machozi yalikuwa yananikaba na nilitaka kitu cha kuyasukuma. Niliporudi na vidole vya mafuta nikakuta jeneza limefungwa, limepigwa lakiri, karatasi zimegongwa muhuri. Yule kijana akaniinamia sikioni akasema, "We kept his airplane with him, sir." Yaani ndege wameifungia humo pamoja nawe.

Maganga, ningesemaje? Hapo mkeo ndio kwanza amenyamaza kulia. Nikasema, "Thank you." Nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, nikagusa kitu chembamba. Bawa la kushoto. Nilikuwa nimelitia humo asubuhi lisipotee.

Kwa hiyo umezikwa Tabora na ndege ya bawa moja kifuani, na miezi minne nimekuwa nikimdanganya binti yako. Kila akiuliza ndege iko wapi, nasema rangi haijakauka. Niliagiza boksi jingine la vipande, nikaunda mwenyewe usiku na mchana. Gundi nilitia kidogo, naapa, lakini hata hiyo kidogo ilinigandisha kidole gumba na meza ya kazini kwetu Golden Valley, ambako mimi hulipwa kuonja nafaka za kifungua kinywa. Bosi wangu alikuja kunibandua kwa maji ya moto na mafuta ya kupikia. Alipoona ndege akauliza ni ya mwanangu wa miaka mingapi.

Jumamosi iliyopita nikaipeleka kwenu. Kabula alikuwa ameweka ngazi katikati ya sebule, anaziteremsha moja moja na kuzifunga kwenye taulo, tayari kwa maktaba. Akaipokea ya kwangu. Imeinama upande, sawa, lakini ina mabawa mawili. Akachukua kile kioo chako cha kukuzia, akachungulia mahali pa rubani. Akachungulia tena.

"Uncle Pazi," akasema, "who is this mzungu?"

Nilisahau uso! Miezi yote ile nahangaika na mabawa, uso nimeuacha na rangi ya plastiki yake. Nikasema huyo kaazimwa kutoka kikosi kingine. Kabula akaniangalia kwa yale macho yako, ya kuangalia kipande kisichokaa sawa, akasema, "Dad would never."

Basi nikasema yote. Kuku, jeneza, kijana mwenye tai. Nyamizi alitoka jikoni na mwiko wake mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungekuwa si mtani, Pazi, leo ungekula huu." Nikalitoa bawa. Nililifunga kwenye leso, na leso iko mfuko wa ndani wa koti tangu Julai, nimekwenda nalo kazini, nimeswali nalo Idi. Nikalifungua mezani.

Kabula alicheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, ameshika ukuta kama wewe na ile ndege iliyojipiga risasi. Halafu kicheko kikageuka, na mamaye akakaa chini naye, na mimi mwenye goti bovu nikakaa pia. Nililia, Maganga. Mbele ya Wanyamwezi wawili, na watanisema mpaka kiama. Nimekukosa sana. Kila Jumamosi miguu inapanda ngazi zenu kabla kichwa hakijakumbuka, na nikifika mlangoni nina tusi jipya na hakuna wa kumpa.

Tulipotulia, binti yako akachukua brashi yako yenye nywele tatu akampaka yule rubani wangu kahawia. Ndege iko maktaba sasa, ya mwisho kulia. Imeinama, lakini hakuna pengo. Kabula ameandika kikaratasi na kukisimamisha mbele yake, kwamba hii imeundwa na rafiki. Nilidhani atalichukua bawa la kweli abaki nalo. Alilishika muda mrefu, akalifunga tena kwenye leso, akaniwekea kiganjani. Na yule mtoto, ambaye tangu azaliwe ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akaniambia, "Mpelekee."

Nimekata tikiti. Februari natua Dar, nasalimia wazee siku mbili, kisha napanda treni mpaka Tabora. Gundi nitanunua huko huko, maana siku hizi uwanja wa ndege wanakunyang'anya hata maji. Nitachimba kidogo kaburini, pale kichwani kwako, upande wa kushoto, nitalilaza, na gundi nitatia tone moja, Mungu shahidi, moja tu. Halafu nitakaa hapo nikutukane mpaka jua lizame, na kama watu wa ukoo wako wana haya, watanipa kuku wa miguu, si wa ndoo.

Mungu akurehemu, mtani wangu. Najua ulivyo, huko utakuwa umeshapata wageni, umewapanga mstari unawazungusha mikono. Wafundishe upendavyo. Lakini usije ukajaribu kuruka kabla sijafika. Bawa la kushoto ninalo mimi.

Mtani wako,
Pazi