Folda Iliyobaki Nyasura

Mpendwa kaka,

Nimechoka, ndiyo maana nakuandikia. Ule mfumo wetu wa kuwatumia kina mama ujumbe wa siku ya kliniki ulinyamaza wiki nzima.

Ilianzia Butiama. Kompyuta ya zahanati ilikufa, wakapata mpya, nikatoka Musoma kwenda kusakinisha. Wewe ndiye uliyeugawa mfumo kwenye moduli tatu: usajili, chanjo na ujumbe. Kila moja na folda yake, na pakeji zake, zile programu ndogo za watu wengine inazozitegemea. Unakumbuka tulivyogombana chumbani kwetu Nyakato? Nilikuambia, "Kaka, zote tuzitaje kwenye orodha kuu, amri moja imalize."

Ukacheka. "Mimi nitazikumbuka."

Ulikuwaga unaingia folda moja moja, unasakinisha kwa mkono, mimi nakuangalia tu huku nikila ugali wako.

Basi nami nikaingia moja moja. Ya tatu haikuwepo. Mfumo ulionyesha moduli ya ujumbe imo humo humo kwenye kompyuta. Kumbe ni kompyuta yako. Hukuwahi kuipandisha kwenye hifadhi yetu ya mtandaoni. Nesi akaniambia taratibu, "Dada, leo tena mama mmoja katembea na mimba yake toka mbali, na siku siyo yake."

Nilikukasirikia, kaka. Kumkasirikia marehemu kunachosha kuliko kazi.

Tangu tulipokuzika sikuwa nimekanyaga Bunda kwa mama. Nilisingizia kazi. Safari hii kazi yenyewe ndiyo ikanipeleka mpaka kwake Nyasura. Laptop yako ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa.

"Sijaiwasha," mama alisema. "Ninaipangusaga vumbi tu."

Hakuniuliza nilikuwa wapi miezi yote hiyo. Aliniletea uji, akakaa pembeni yangu nikitafuta.

Nikaikuta folda ya ujumbe. Ndani yake kulikuwa na faili fupi la maelezo: "Mdogo wangu, pakeji ya tarehe usiipandishe toleo. Toleo jipya linarudisha siku za kliniki nyuma. Nikipona nitaipanga orodha kama ulivyotaka."

Nikamsomea mama. Uji ukapoa mezani.

Nimeipanga mimi. Moduli zote tatu zimetajwa kwenye orodha kuu, pakeji zao zinaingia kwa amri moja, na ile ya tarehe nimeifunga kwenye toleo lake la zamani. Jana nesi kasakinisha mwenyewe kule Butiama, mimi niko Musoma. Akanipigia, "Dada, meseji zimeenda zote!"

Nilimshukuru, nikakata simu. Mfumo hauhitaji tena mtu wa kuukumbukia mambo. Haunihitaji mimi, wala wewe. Ndicho nilichokudai siku zote, kaka, na nilipokipata nililia.

Pumzika. Jumapili nitakuwa kwa mama.

Mdogo wako