Viti vya Wanafunzi

Kitengela

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye upepo na vumbi la Kitengela. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa au bado anawachezea shere? Mwambie Mama mafuta aliyonitumia yalifika na hata leo nimeyapaka. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza, na ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu ungeanza kuniombea kabla sijamaliza.

Katika barua yako uliuliza kama bweni letu ni zuri, na kama wanafunzi bado huimba ngazini jioni. Baba, hujawahi kufika huku, na mimi sikuwahi kukueleza vizuri. Chuo chetu ni orofa mbili juu ya duka la mabati na misumari. Ngazi tunazo, lakini wanaozipanda ni wachache, maana masomo karibu yote yako kwenye simu. Mwalimu anafundisha, sisi tunazima kamera ili bando za intaneti zisiishe, naye anabaki akiongea na majina. Nimefika mwaka wa tatu na sijui sura za watu ninaosoma nao. Bweni hakuna. Kila mtu ana chumba chake cha kupanga kwenye ploti, sufuria yake na mlango wake wa chuma.

Mwezi uliopita msichana wa chumba kilichopakana na changu alifariki. Aliitwa Soipan. Alikuwa na pumu, ikamshika akiwa peke yake, na mlinzi wa ploti ndiye aliyevunja mlango baada ya mama yake kupiga simu na kupiga tena bila kujibiwa. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana kwenye kamba ya nguo, basi. Jina lake lote nililijua siku hiyo, lilipotangazwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa letu. Ndiyo, Baba, darasa letu. Tulisoma pamoja tangu mwaka wa kwanza, ukuta mmoja katikati yetu. Nilikuwa nasikia sauti ya mwalimu ikitoka kwake, nikidhani ni mwangwi wa simu yangu.

Kikundini watu waliandika pole, wakaweka picha za mikono ya kuomba. Muda si muda mmoja akauliza habari za mtihani, "Wasee, CAT ya Friday bado iko?" Mazungumzo yakaendelea hapo.

Nilienda kwenye mazishi kwa sababu ya hadithi yako ya Ouma. Umetusimulia tangu tukiwa wadogo kwamba mwanafunzi mwenzenu Ouma alipofariki, hosteli yenu nzima ilipanda mabasi ya chuo mpaka kwao Ugenya, mkafika alfajiri mkiimba, mkachimba kaburi wenyewe kwa zamu huku wazee wa boma wakiwatazama. Nilijua sisi hatutajaza basi, lakini nilidhani tungekuwa hata watu wa kujaza benchi moja. Nilishuka Kajiado peke yangu, nikachukua bodaboda hadi kwa kina Soipan, ndani kabisa ukiacha barabara ya Namanga.

Sasa sikia, Baba. Ndugu ya baba yake, Mzee Kisemei, alisoma chuo miaka ile yenu. Yeye ndiye aliyewaambia watu wa nyumbani kwamba mwanafunzi akifa wenzake huja kwa basi, tena huja na njaa na nyimbo. Basi wakachinja fahali wawili. Wakakodi hema zima la wanafunzi, viti vyeupe safu kwa safu, na vijana wakafyeka miiba ili basi lipate pa kugeukia. Nilipofika niliinamisha kichwa kama ilivyo desturi ya Wamaasai, wazee wakanigusa utosini mmoja baada ya mwingine wakinisalimu kwa Kimaa, kisha Mzee Kisemei akaniuliza nimeliacha basi wapi. Nikamwambia liko nyuma. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ibada ikacheleweshwa likingojewa, na kila gari lililotimua vumbi kule mbali, mama yake Soipan alisimama kutazama.

Mwishowe pasta akasema jua linakwenda. Nikaketi katikati ya viti vile vyote, mimi peke yangu. Kulikuwa na nafasi ya hotuba ya wanafunzi, nikaitwa. Nilikusudia kusema pole na kurudi kuketi. Lakini yule mama alinikazia macho kwa hamu hata nikaona aibu, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa maisha yako wewe. Nilisema Soipan alipokuja chuoni wenzake walimbebea sanduku mpaka chumbani, vile rafiki yako Wachira alivyokubebea wewe. Nilisema tulimfunikia chakula siku alizochelewa maktaba. Nilisema alikuwa akianzisha wimbo ngazini na hosteli nzima ikamwitikia. Mama yake alilia huku akitabasamu. Baadaye aliniambia mtoto hakuwahi kumweleza hayo, na kwamba miaka yote hii alihofia binti yake anaishi mpweke. Akanifungia nyama niwapelekee wenzangu. Nilimpa mlinzi wa ploti, maana sikuwa na mwingine wa kumpa.

Sasa ananipigia kila Jumapili. Anataka kujua majina ya wale marafiki, na siku ya kuweka msalaba kaburini anataka twende wote. Nimemwambia tutakuja.

Utajiuliza binti yako alijifunza wapi kudanganya kwa ufasaha namna hiyo. Baba, sikuanza kwa Mama Soipan. Mwihaki na Achola ninaokuandikia habari zao kila muhula, hao tunaopika nao chapati Jumamosi, Mwihaki anayekoroma, Achola uliyemtumia njugu, hawapo. Hawajawahi kuwapo. Niliwatunga muhula wa kwanza, kwa sababu uliuliza ni nani alinibebea sanduku, nami sikuwa na moyo wa kukuambia nililiburuta mwenyewe. Uliandika kwamba umefurahi sana, kwamba chuo bado ni chuo, nikashindwa kurudi nyuma. Njugu zile nilizila peke yangu upande huu wa ukuta, Soipan akiwa upande wa pili. Hakuna siku hata moja niliyobisha mlango wake, wala yeye wangu.

Nimechoka, Baba. Nikimwambia yule mama ukweli, nitamnyang'anya kitu pekee nilichompelekea. Nikinyamaza, atakodi viti tena. Kila nikilifikiria jambo hili naona giza tupu, na masomo hayaingii.

Nisalimie Mama na wadogo zangu wote, na jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Zile salamu ulizowatumia Mwihaki na Achola nimezipokea mimi. Na ninakuomba jambo moja, kwa sababu nakujua, wewe bado unaamini mabasi. Likinipata lolote huku, msifyeke njia wala msipange viti vya wanafunzi. Njooni wewe na Mama, mnichukue.

Ni mimi binti yako,
Lorine Nalianya