Ruhusa ya Msafiri

Khuwair ya Kusini, Maskati
20 Februari 2025

Mjukuu wangu Noof,

Assalaam alaykum. U hali gani, na baba yako hajambo? Sisi wazima, ila goti langu la kulia limejitenga na mwili, linafanya lipendavyo. Naandika kwa kalamu, shangazi yako Shariffa anapiga picha na kukutumia, kwa hivo chunga ulimi: lolote utakalojibu naye analisoma.

Video yako nimeiona. Mtoto niliyemlea hapa miaka minne, nikimkosha miguu kila magharibi, leo kashika upondo mrefu kuliko nyumba, anakimbia, anajipindua juu ya ufito mita nne na nusu, anaangukia godoro. Unguja upondo tulisukumia ngalawa. Nyinyi Wamarekani mmeufanya ajira.

Umeniuliza kama ukisafiri kwenda mashindano mwezi wa Ramadhani unaweza kula. Ruhusa ya msafiri ipo, siipingi. Lakini ni ya mwenye taabu, na wewe unapanda ndege ukiletewa mto. Funga, mwanangu. Watu wa kwetu hawaachi funga kwa mchezo.

Bibi yako


Columbus, Ohio
9 Machi 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limerudi nyumbani. Mimi na Baba tu wazima. Shangazi Shariffa, shikamoo nawe, najua unasoma.

Nimefunga siku zote tisa. Nimepungua kilo tatu na kocha hajui. Kwetu sisi warukaji uzito ni siri ya mtu, lakini ndio unaochagua upondo, kila mmoja umeandikwa kilo zake. Mtu mwepesi akichukua upondo mgumu, haupindiki. Unamsimamisha hewani na kumrudisha alikotoka. Usiogope, mwaka huu nna mbio nzuri.

Jumamosi nashindana. Nikipita mita nne na sentimita sitini na tano, nitaitwa kambi ya timu ya taifa. Nafasi hii naitafuta mwaka wa kumi na moja sasa, tangu nilipokuwa sekondari. Niombee.

Mjukuu wako,
Noof


Khuwair ya Kusini
3 Aprili 2025

Noof wangu,

Salamu nyingi. Sikukuu imepita na wewe kimya. Nilikaa na simu mkononi nikikungoja tangu baada ya sala ya Idi mpaka adhuhuri. Baba yako anasema una shughuli. Mwanangu yule tangu mdogo hajui kusema uongo, sauti inampanda. Nimekukosea? Umeruka ngapi?

Bibi yako


Khuwair ya Kusini
21 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Assalaam alaykum. Leo sikuulizi hali, maana naijua. Jana nilimbana baba yako kwenye simu mpaka akasema. Upondo ulikukataa, ukakurudisha kwenye njia ya mbio, kifundo cha mguu kikavunjika pahala pawili, sasa kimefungwa kwa skrubu. Na daktari aliuliza umekula lini.

Nna la kukwambia na sikutaka Shariffa alione, lakini njia nyengine sina. Najua atalipiga picha huku analia.

Januari tulikuwa kwenye kahawa kwa jirani yetu Mahbuba, simu ikazungushwa. Ulikuwa wewe, kaptura nyekundu na tumbo wazi. Mahbuba hakusema baya. Kasema tu, "Mashallah, huyu si mjukuu wa Bi Kheiria?" Wenzake wakatazamana. Nikawajibu, "Ndiye, na funga yake haijavunjika hata siku moja. Nani wenu anaweza kusema hivo juu ya wa kwake?" Wakarudi kwenye vikombe vyao, nikaona nimeshinda.

Basi uliponiuliza habari ya msafiri, sikuitazama dini wala sikukutazama wewe. Niliutazama uso wangu mbele ya wanawake wa Khuwair. Nilikutumia wewe kujisitiri mimi. Ruhusa kaitoa Mungu, mimi nikaizuia kama mali ya babangu. Kwake nimeshatubu. Kwako bado. Nisamehe, mwanangu.

Bibi yako


Columbus, Ohio
30 Januari 2026

Bibi,

Shikamoo. Natumai u mzima, na Shangazi pia. Miezi tisa sikukuandikia, na sitosingizia shughuli. Nilikukasirikia. Kila nilipoanza barua nilikuona pale kwenye kahawa ukijisifu kwa njaa yangu, nikaifuta.

Lakini kuna jambo sikumwambia hata Baba. Asubuhi ya mashindano kocha aliniuliza uzito, kama anavyotuuliza sote. Nikamtajia wa Januari. Nilijua nikisema kweli atanipa upondo laini, na kwa upondo laini nisingeifika ile mita nne na sitini na tano. Wewe ulinifungisha, kudanganya nikadanganya mwenyewe. Nimekusamehe. Nami ninajifunza kujisamehe, kazi ngumu kuliko kuruka.

Mguu ulipona Agosti. Moyo ukakataa. Nakimbia vizuri, nikifika penye kishimo cha kuchomekea upondo, mikono haiuchomeki, napita pembeni. Oktoba nzima nilipita pembeni. Wenzangu waliacha kunitazama kwa kunihurumia. Disemba, siku moja tu, miguu ikaondoka chini. Mita tatu na nusu, urefu wa watoto wa sekondari, na nililia kwenye godoro mpaka kocha akaja kukaa nami.

Sasa naruka nne na ishirini. Tarehe 28 Februari nasafiri kushindana tena, saa sita za mchana kwa saa za huku, na itaonyeshwa. Itakuwa Ramadhani. Siku hiyo nitakula, na nitailipa baadaye. Sikuombi ruhusa, ninayo. Ninachotaka kujua ni kimoja: wakikuuliza hao wenzako, utanikana au utasema kweli?

Mjukuu wako,
Noof


Khuwair ya Kusini
22 Februari 2026

Noof, roho ya bibi yako,

Marahaba, marahaba mara mia. Tu wazima, Alhamdulillah. Barua yako nilikaa nayo wiki tatu, kwa sababu sikutaka kukujibu kwa maneno tu. Ahadi ya mdomoni haina uzito.

Jana tulifuturu kwa Mahbuba, wanawake saba. Uji haujapoa nikasema, "Mjukuu wangu Noof Jumamosi ijayo hafungi. Anasafiri kwenda kuruka. Mwaka jana nilimzuia ruhusa yake ili nipate la kujivunia mbele yenu, akavunjika mguu. Kosa langu."

Vijiko vikasimama. Nakwambia kweli, nilitamani sakafu ipasuke nizame. Umri huu sijapata kujivua nguo mbele za watu namna ile. Mahbuba kaweka bakuli lake chini, kauliza, "Saa ngapi kwa saa za kwetu?" Nikamwambia saa tatu za usiku, baada ya tarawehe. Kasema basi tuje kwake, televisheni yake kubwa.

Kwa hivo tutakuwepo. Usiruke kwa ajili yetu. Moyo ukikataa ukapita pembeni, pita, tutakaa mpaka zamu yako ya pili, na ya tatu. Nimeshawaeleza kuwa kila mtu ana tatu.

Mama mkwe wa Mahbuba haoni vizuri. Akaniuliza atakujuaje katika wasichana wote wale. Nimemwambia: mwenye kaptura nyekundu na tumbo wazi, huyo ndiye wangu.

Bibi yako