Togwa ya Umeme

Kibiti,
23 Julai 1995

Kwa Mama yangu mpenzi, Bi Mwanamkuu, Salale.

Assalaam alaykum. Shikamoo Mama. Kwanza nakujulia hali: goti limekaaje, na kile kikohozi cha alfajiri kimekuachia au bado kinakutangulia adhana? Mimi huku ni mzima, mwili haunidai kitu, ila siku hizi nasinzia nikiwa nimekaa na ndoto zinanijia mchana kweupe. Shamsia mdogo wangu, unayemsomea Mama, nawe nakusalimu. Soma polepole, Mama hapendi kukimbizwa.

Habari kubwa ni kwamba ule mtambo wa kupikia togwa umekamilika. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga ya mzee Bwanaheri, naye kaniruhusu kuvuta umeme kwenye jenereta yake kuanzia asubuhi anapowasha hadi adhuhuri anapozima. Chumba chenyewe kinatosha kitanda, mkeka wa kuswalia na mtu mmoja asiyejinyoosha sana. Basi ikabidi mtambo niubane. Nilichora kwa mkaa ukutani, nikafuta, nikachora tena, mpaka ukakubali kuingia chini ya meza. Mzee Bwanaheri alipouona ukuta wake aliuliza kama nimeanza uganga.

Ni sufuria la lita thelathini lililokaa ndani ya pipa lililokatwa, na katikati yake nimeshindilia sufi, hii hii ya kujazia mito, ili joto lisitoroke. Chini nimefunga koili ya kuchemshia. Kifaa cha kuizima na kuiwasha chenyewe nilikitoa kwenye pasi ya umeme iliyokufa, nikakilegeza hadi kikaridhika na joto dogo. Ndani nimezungusha bomba la shaba la friji bovu. Nikipitisha humo maji ya kisima, uji unapoa upesi bila kupepewa.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilitia kimea uji ukiwa bado moto sana, na uji ukabaki uji. Nikakaa kitandani nimechukia, ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unafanya. Ulikuwa unachovya kidole cha mwisho, unasema Bismillahi yote mpaka mwisho, na kidole kikikimbia kabla hujamaliza, unangoja. Nikafanya hivyo, kisha nikatumbukiza kipimajoto. Kikasema sitini. Mama, nilicheka peke yangu. Watu wanasomea jambo hilo na kupewa vyeti, nawe ulikuwa nalo kidoleni.

Tangu hapo inatoka vizuri. Jenereta inanguruma, dirisha linatetemeka kidogo, na mvuke wa mtama unajaza chumba mpaka kuta sizioni. Hapo ndipo usingizi unaponichukua. Najikuta dunguni, kule juu ya shamba la mpunga, maji yamesimama chini yetu, nawe umekaa pembeni unawainga ndege kwa kuimba tu, hata kombeo huna. Siku moja mkono wako ulikuwa kichwani pangu, mzito kabisa, wa kweli. Nilipoamka jenereta ilikuwa imezimwa zamani, na sufuria bado lina joto kama mtu aliyelala. Sikutaka kulifungua.

Mzee Bwanaheri alikunywa vikombe vitatu, akaniuliza ni kiwanda gani hicho cha soda nilichofanyia kazi Dar es Salaam kinachofundisha watu kupika togwa. Nikamwambia fundi hasemi yote. Akacheka, mimi sikucheka.

Sasa Kondo wa mashua kaniletea salamu zako. Anasema umewaahidi akina mama wa Salale kwamba togwa ya Maulidi mwaka huu inatoka kwa mwanao, na kwamba utasimama mbele yao uwaeleze alikojifunza. Nimefurahi, kisha sikupata raha tena. Ndiyo maana nimemkabidhi Kondo galoni moja la togwa pamoja na barua hii, nikamwomba lisifunguliwe kabla hujamaliza kusoma.

Shamsia, hapa ndipo unapoishia. Mpe Mama karatasi, kisha utoke nje. Yaliyobaki nimeyaandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, na hizo anazisoma mwenyewe.

Mama, mkono wangu umekuwa mzito, nivumilie kwa makosa ya kuandika. Miaka yote nilikuwa nakuandikia kwa herufi za skuli, mtoto anakusomea, na uongo ulikuwa unapita kirahisi. Hizi ulinifundisha wewe, juu ya ubao, na nimeshindwa kuzitumia vibaya.

Sikufanya kazi kiwanda cha soda. Nilifanya kazi kiwanda cha bia. Nilikuwa fundi wa masufuria ya kupikia, na masufuria yale ni makubwa kuliko nyumba yetu. Kimea, joto, bomba la kupoozea, kila kilichomo chini ya meza yangu nimekitoa kule. Ile kreti ya soda ya machungwa niliyokuletea, ukawagawia majirani na kuwaambia imepikwa na mwanao, niliinunua dukani Kariakoo. Ile nguo ya kuswalia, mabati, na nauli ya kumpeleka marehemu Baba hospitali vilitoka kwenye bia. Na kila Ijumaa ulikuwa unakiombea dua kiwanda changu. Nilikuwa nikilikumbuka hilo, najificha nyuma ya masufuria.

Utataka kujua kama nilikunywa. Nilionja mara mbili, na sitakudanganya kwamba sikuipenda.

Kiwanda kilipopata wenyewe wapya tukapunguzwa, nami nikamshukuru Mungu, nikadhani siri imepunguzwa pamoja nami. Ningenyamaza hadi kufa. Lakini siwezi kukuacha usimame mbele ya watu siku ya Maulidi ya Mtume, useme uongo wangu kwa mdomo wako. Naona haya, Mama. Nakuogopa, na ninakupenda.

Togwa iliyomo kwenye galoni ni halali. Nimeipika jana, nikaichemsha tena ili isichachuke. Iliyo na doa ni elimu yangu, na hapo sijui hukumu, nakuachia wewe. Kondo atarudi Alhamisi, na galoni litarudi tupu kwa vyovyote vile. Naomba umwambie neno moja tu, kama limenywewa au limemwagiwa mikoko.

Nisalimie shangazi Binti na wote wa mtaa wa chini. Shamsia mwambie nitamletea kanga, asikununie kwa kutolewa nje. Goti lipake mafuta, usilikalie.

Mimi mwanao Mudathiri, fundi wa bia kwa miaka kumi na minne, fundi wa togwa kwa miezi mitatu.