Kibao Kinasema "Uji wa Effie"

Mpendwa Bi Netta,

Nasoma majibu yako gazetini kila Alhamisi, na leo mimi ndiye ninayeomba msaada wako, na naomba unisamehe kama barua hii ni ndefu, kwa sababu mimi kusema siwezi ila kuandika naweza, na jambo hili nimelibeba siku nane sasa kwenye mfuko wa aproni yangu bila kumwambia mtu.

Nina miaka kumi na saba. Nimemaliza shule mwezi wa tano na ninaishi hapa Kinlorrin kwa shangazi yangu Effie, dada yake baba, ambaye ana nyumba ya wageni ya vyumba sita. Amenilea tangu nikiwa na miaka tisa, mama alipofariki, kwa sababu baba anafanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini, wiki tatu huko na wiki tatu nyumbani, na mtoto hawezi kulelewa kwa wiki tatu tatu. Shangazi hajawahi kunifanya nijione mzigo hata siku moja. Hilo nataka ulijue kwanza, kabla hujasoma yaliyobaki ukamwona mbaya.

Mimi ni mtu wa haya sana. Mgeni akinisalimia naitikia nikiangalia viatu vyake, na nikipangiwa kupeleka chai mezani visahani vinalia njia nzima. Lakini kupika uji najua. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli, na ni kitu kimoja tu duniani ambacho nikikifanya simuulizi mtu kama nimekosea. Jioni naloweka oti, nafaka ya uji wa huku kwetu, kwenye maji baridi, zile punje zilizokatwakatwa, si zile bapa za paketi ambazo zikiona maji ya moto zinageuka gundi. Saa kumi na mbili asubuhi naweka sufuria pembeni mwa jiko pale moto unapopungua, nakoroga kwa ule mwiko mwembamba wa mviringo kama fimbo, kuelekea kulia tu, kwa sababu bibi alisema ukikoroga kushoto unamwita shetani, na hata kama shetani haji mimi sitaki kumjaribu. Nakoroga nusu saa. Chumvi naitia mwishoni punje zikishalainika, maana ukiitia mapema zinajikaza na haziachii utamu wao. Uji ulioiva unajulikana kwa sauti: mwanzoni unapiga kelele, halafu unatulia na kuanza kusema puh, puh, polepole kama mzee anayevuta kiko. Hapo unaupakua. Mgeni anapewa bakuli la uji wa moto na kibakuli cha krimu baridi pembeni, anachota, anachovya kijiko kwenye krimu, na moto na baridi vinakutana mdomoni mwake. Watu hunyamaza wakila. Mimi huwa nasimama nyuma ya mlango nasikiliza wakinyamaza.

Sasa uongo wenyewe, Bi Netta, niliuanzisha mimi. Wiki ya kwanza nilipoanza kupika, Mjerumani mmoja mpanda milima, mrefu kama mlango, aliinuka mezani akaja moja kwa moja jikoni kumpa mkono mpishi, na mimi nikakimbilia stoo nikajifungia pamoja na viazi. Shangazi akanifuata.

"Kapanya kangu, mtu anataka kukushukuru, hataki kukutafuna."

"Mwambie umepika wewe."

"Mimi? Uji wangu mimi si unaweza kuzibia paa?"

"Shangazi, tafadhali."

Akacheka, akatoka, nikamsikia akisema, "Ni mimi, baba, asante sana, karibu tena."

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Mwanzoni akishapokea sifa alikuwa akirudi jikoni ananikonyeza, tunacheka wote wawili. Kufikia mwezi wa saba aliacha kukonyeza. Alianza kuwaambia wageni kwamba siri iko kwenye mkono, kwamba alirithi, kwamba mwanamke ama anao mkono wa uji ama hana. Mwezi wa nane alimwita fundi wa rangi akaandika kibao cha bluu na kukitundika juu ya mlango wa mbele, kinasema "Uji wa Effie", na mimi ndiye niliyeshika ngazi.

Ningeendelea hivyo hivyo, kweli ningeendelea, ila wiki iliyopita alikuja mgeni mmoja anaitwa Bi Rhona Geddes, akalala siku mbili. Ni mpishi mkuu wa hoteli kubwa kule Inverness. Siku ya kwanza alikula bakuli lote, akaomba la pili, akalila nalo. Siku ya pili alikuja mpaka mlango wa jikoni, na safari hii sikuwahi kukimbia kwa sababu nilikuwa na sufuria mkononi.

"Nani kapika huu uji?"

"Mimi, nani tena?" shangazi akasema.

"Hongera, mama. Mwezi wa kumi nafungua jiko jipya la kifungua kinywa tu. Namtafuta mtu mwenye mkono huu, apike na awafundishe wengine. Wewe una nyumba yako, najua huwezi kuondoka. Huna binti?"

"Ninaye huyu wa kaka yangu," shangazi akasema, akacheka kwa sauti. "Lakini huyu hasemi hata na paka! Utamfundisha kuamkia watu kwanza."

Bi Rhona hakucheka. Akauliza, "Chumvi unatia saa ngapi?"

"Mwanzoni, kama watu wote."

Bi Rhona akaangalia bakuli alilolishika, akaniangalia mimi, akasema, "Sawa," akaenda kufungasha. Nilipokwenda kusafisha meza nikakuta chini ya kisahani chake karatasi yenye namba ya simu, na juu yake ameandika "Kwa aliyepika. Nasubiri mpaka mwisho wa Septemba."

Hiyo ndiyo karatasi iliyo kwenye mfuko wa aproni.

Nimejaribu kusema. Juzi tulipokuwa tunakunja mashuka nilianza, "Shangazi, kuhusu ule uji..."

"Umeungua?"

"Hapana."

"Sasa kuna nini cha kuzungumza kuhusu uji ambao haujaungua? Vuta kona yako."

Nikavuta kona yangu.

Nimekaa nafikiria, Bi Netta, na kila upande naona vibaya. Nikisema ukweli, shangazi ataaibika mbele ya Bi Rhona na pengine mbele ya Kinlorrin nzima, kile kibao kitakuwa kichekesho, na mtu aliyenilea miaka minane atasema ndiyo malipo yangu. Nikienda bila kusema, kesho yake wageni wataletewa uji wa kuzibia paa na ukweli utajulikana tu. Nikibaki, Septemba itaisha, na nitakuwa nyuma ya mlango huu nikiwa na miaka thelathini. Na zaidi ya yote mimi ndiye niliyemwomba aseme uongo, sasa nitamlaumuje? Naomba uniambie la kufanya, na tafadhali usiandike jina langu.

Mimi, wa nyuma ya mlango,
Kinlorrin

*

BI NETTA ANAJIBU

Binti wa nyuma ya mlango,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na njaa. Mimi uji wangu naula na sukari, na wasomaji wasiniandikie kuhusu hilo, wameshaandika vya kutosha.

Pole kwa kubeba siku nane peke yako. Baada ya hapo sina pole nyingine.

Umeniuliza kama shangazi yako ataaibika. Umeniuliza kama utaonekana huna shukrani. Hukuniuliza hata mara moja kama unaitaka kazi ya Bi Rhona au huitaki. Unajua kwa nini? Kwa sababu jibu unalo. Kama hukuitaka, ile karatasi ungeitupa motoni siku ile ile, usingehangaika kuihamisha kutoka aproni chafu kwenda aproni safi. Unaitaka. Litamke hilo kwanza, hata kama ni kwa viazi vya stoo.

Halafu acha kujitetea kwa haya. Umeniandikia mimi, mtu usiyemjua, ukanieleza uji wako mpaka nikausikia ukichemka. Mtu anayejua kazi yake namna hiyo ana sauti. Yako umeizoeza kukaa chini tu.

Sasa shangazi. Ulimpa koti lako akushikie, siku moja akalivaa, akaliona linamkaa vizuri, akasahau la nani. Alikosea, tena alikosea zaidi siku ya kibao, na nawe uliishika ngazi ukanyamaza, kwa hiyo gawaneni kosa hilo nusu kwa nusu. Lakini usidhani hajui. Mwanamke mwenye wageni vyumba sita anajua vizuri sana nani anaamka saa kumi na mbili. Aliposema husemi hata na paka, mimi sikusikia dharau. Nilisikia mtu aliyeshtuka kwamba mwezi wa kumi atabaki na kibao na hana uji, na nyumba haina tena mtoto wa kumwita kapanya. Alipokuambia uvute kona yako, alikuwa anakuomba usiseme. Mtu anayeogopa hivyo usimwache aendelee kuogopa wiki tatu zaidi.

Na Bi Rhona unafikiri aliuliza habari ya chumvi kwa sababu haijui? Mpishi mkuu? Alishajua. Hakumuumbua shangazi yako mbele yako, akakuachia karatasi. Kwa hiyo aibu unayoiogopa kwake imeshapita, na hakuna aliyekufa.

Haya, sikiliza. Barua hii naiweka posta Ijumaa, kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha, ikufikie Jumatatu. Gazetini itatoka Alhamisi. Majina nimeyabadilisha yote, hata la kijiji, hata rangi ya kibao, lakini uji siwezi kuubadilisha, na yeyote aliyewahi kuula ataujua. Kwa hiyo una siku tatu. Unaweza kunikasirikia, ruksa.

Jumanne asubuhi mwamshe shangazi saa kumi na mbili. Mwambie unamhitaji jikoni. Mpe mwiko mkononi, usimame naye, umfundishe, kuanzia oti ulizoloweka jioni mpaka chumvi. Wakati anakoroga, hapo ndipo utamwambia habari ya karatasi. Mtu akiwa anakoroga hawezi kuondoka, na wewe huna haja ya kumwangalia usoni, mtakuwa mnaangalia sufuria wote wawili. Mwambie unaitaka kazi. Mwambie hutamwacha mpaka mkono wake ukae sawa, na una wiki tatu, na baada ya hapo ni majira ya baridi na wageni ni wachache, atapata muda wa kuunguza kwa faragha. Akilia, mwache alie, ila asiache kukoroga. Akikasirika, atatulia kabla ya chakula cha mchana. Hajakulea miaka minane ili akufukuze kwa ajili ya bakuli. Na kibao kisishushwe. Uji atakaoupika mwezi wa kumi utakuwa wake kweli, na Bi Rhona anataka mtu wa kufundisha, basi mwanafunzi wako wa kwanza ndiye huyo.

Jumanne hiyo hiyo mchana piga simu Inverness. Ukishindwa kupiga, andika, hilo tumeona unaliweza. Sema jina lako kamili, siku unayoweza kuanza, na kwamba shangazi anajua. Usiombe radhi popote katika barua hiyo.

Limebaki moja, na hili silipunguzi. Jumatano asubuhi, wageni wakishakaa, sufuria usimpe shangazi aipeleke. Itoe wewe. Fungua mlango kwa bega, nenda mpaka katikati ya chumba, iweke mezani, na mtu wa kwanza atakayeuliza mjibu, "Nimeupika mimi."

Ni maneno mawili tu. La pili usilimeze.

Bi Netta